Mvinyo wa kilimo hai tuutafute kwenye zabibu za kiangazi

Ukikaa kwenye hoteli ya kitalii hapa Arusha ukaulizia mvinyo wa kilimo hai, usishangae ukiletewa chupa ya Afrika Kusini. Sina ugomvi na Waafrika Kusini, kazi wanaijua. Ila zabibu ziko Dodoma, lami ipo kupitia Kondoa na Babati, na sioni kwa nini familia yenye shamba na kiwanda chake kidogo kule isiwe ndiyo inayotuuzia.

Tatizo linaanzia pale tunapodhani kilimo hai ni kutopuliza chochote. Wazee wa kahawa wa Kibosho na Machame watakucheka. Wamepuliza mrututu, dawa ya kopa (shaba), miaka na miaka kuzuia magonjwa ya kahawa, chulebuni na kutu ya majani, mpaka migomba ya jirani ikapata rangi ya samawati na bomba la mgongoni likawa halitakati tena. Mzabibu nao una ukungu wake, ubwiri unga na ubwiri vinyoya, na mkulima wa kilimo hai anaruhusiwa salfa na hiyohiyo kopa. Lakini kopa haiozi. Ya mwaka huu inaikuta ya mwaka jana ardhini, ndiyo maana Umoja wa Ulaya tangu 2019 umeweka kikomo cha kilo 28 kwa hekta ndani ya miaka 7. Mwenye shamba akikuambia yeye ni wa kilimo hai, muulize anapuliza mara ngapi.

Hapo Dodoma ina bahati ambayo sisi wa mlimani hatuna. Mvua zinaanza Desemba, Aprili zimekwisha, halafu ni ukavu na upepo. Mzabibu kule unazaa mara mbili kwa mwaka. Zabibu za Februari na Machi zinaivia kwenye mvua, majani hayakauki, na ukungu unajitanulia unavyotaka. Za Agosti na Septemba zinaiva juani. Ningekuwa na shamba, mvinyo ningeukamua kwa hizi za pili tu. Vichala vya masika ningevikata vingali vichanga, nikaweka samadi na matandazo, mti ukapumzika. (Kupuliza sumu masika halafu kiangazi ukajiita wa kilimo hai haiwezekani, udongo ni uleule.) Maji ya matone yatahitajika, na hiyo ni gharama ya kweli kwa Dodoma.

Sasa nani ataacha mavuno ya msimu mzima? Si mkulima mdogo mwenye ada ya shule, anayeuza zabibu mbichi kwa bei yoyote kwa sababu zikilala siku mbili tatu zinaharibika. Anayeweza ni mwenye matangi yake mwenyewe, anayekamua akauza chupa taratibu, na anayejua shamba hilohilo ndilo watakalorithi wanawe. Mchaga mwenye kihamba, shamba la ukoo, hahitaji kuelezwa hilo mara mbili.

Na bado hataweza peke yake. Hoteli zinazojisifu kwa utalii unaojali mazingira zinunue mapema: ziahidi idadi ya chupa na bei wakati wa kupogolea, miezi minne au zaidi kabla ya mavuno, na zitoe na malipo ya awali. Nembo ya Kilimohai ya Afrika Mashariki ipo tangu 2007, kwa hiyo cheti cha Ulaya kisiwe kisingizio.