Karafuu 187 ndani ya lita 20

Kosa lililoiharibu saison niliyoipika nyumbani lilikuwa la mizani. Nasema hivyo kwa sababu mizani haiwezi kujitetea.

Saison, kwa asiyeijua, ni bia ya mashambani ya Wallonia, ule upande wa Ubelgiji unaosema Kifaransa, na hasa mkoa wa Hainaut. Jina lenyewe ni neno la Kifaransa, maana yake msimu. Inasimuliwa kwamba wakulima waliipika wakati wa baridi wakaiweka, halafu kiangazi kikifika wanawanywesha vibarua wa mavuno. Ndiyo maana ile ya zamani inatajwa kuwa nyepesi, asilimia 3 na ushee ya kilevi. Kibarua aliyeshika fyekeo hutaki alewe, tena ukiwa umesimama karibu naye. Za siku hizi zimepanda. Saison Dupont ya kijijini Tourpes, ambayo wapikaji wengi wanaitumia kama rula, ina 6.5.

Kwenye viungo, watu wa saison wana makambi mawili. Pale Pipaix, jirani kabisa na Tourpes, kuna kiwanda kinachoendeshwa kwa injini ya mvuke ambacho saison yake hutiwa pilipili manga, tangawizi na maganda ya machungwa, tena bila kuficha. Kambi la pili linasema usitie kitu: hamira ya saison ni kiungo tosha. Ikichachua, inatoa yenyewe harufu ya pilipili na ya karafuu. Hayo maneno yawekeni akiba, tutayahitaji.

Mimi, mkazi wa Tournai, mji wa huko huko Hainaut, mwenye asili ya Uchagani, nikaona nipike ile ya zamani: nyepesi, ya viungo, ya kunywa Juni. Sikuona la kuniogopesha. Kwetu mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, hukolezwa uchungu kwa gamba la mti wa msesewe kama Wazungu wanavyotumia maua ya hopsi, na hakuna mtu anayelipima kwa gramu.

Kwa lita 20 nilitumia kilo 2.4 za kimea cheupe cha shayiri na gramu 300 za kimea cha ngano. Nikaviloweka kwenye maji ya nyuzi 68 kwa saa nzima. Nilikuwa na sababu. Ukiloweka kwa nyuzi 63 hadi 65, sukari nyingi zaidi inakuwa ya aina inayolika na hamira, na bia nyepesi inabaki kama maji yaliyopita karibu na shayiri. Kwenye 68 zinabaki sukari ndefu ambazo hamira nyingi haziziwezi, nazo ndizo zinazoipa bia mwili. Kisha nikachemsha saa moja pamoja na gramu 30 za hopsi ya Goldings kwa ajili ya uchungu. Viungo vyangu vilikuwa gramu 15 za mbegu za giligilani zilizopondwa nusu nusu, gramu 15 za ganda la chungwa tamu bila ule weupe wake (weupe ndio wenye uchungu mbaya), na karafuu gramu 1. Vyote kwenye mfuko wa kitambaa, dakika 5 za mwisho.

Gramu 1 ya karafuu ni punje kama 10. Ningezihesabu tu, habari ingeishia hapo. Lakini nina mizani ya kidijitali na ninapenda kuonekana mtu wa vipimo.

Sasa sikilizeni tabia ya mizani ya jikoni, maana hata kijitabu chake hakiisemi. Ili namba isichezecheze, mizani nyingi za aina hii hujirudisha sifuri zenyewe kila zikihisi mabadiliko madogo sana. Ukimwaga kitu kwa mkupuo, inasoma sawasawa. Ukidondosha punje moja, ukasubiri, ukadondosha nyingine, kila punje inaonekana ni mtikisiko tu na inafutwa. Mimi nilikuwa nadondosha moja moja kwa sababu ya uangalifu. Sifuri. Nikaongeza. Sifuri. Nikasema kumbe karafuu kavu ni nyepesi namna hii, nikaongeza. Mara ikaruka ikasoma 1, nikafurahi, nikafunga mfuko. Kwamba mfuko umevimba kama shavu la mtu mwenye jipu niliona, ila mizani ndiyo yenye namba, mimi nina macho tu.

Na pua? Pua ilikuwa na pilau. Ile sufuria ya bia ilikuwa jiko la kushoto, pilau jiko la kulia, na nyumba nzima ilikuwa inanukia karafuu tangu saa nne. Mfuko haukutoka hata baada ya kuzima moto. Ulikaa humo nusu saa nyingine huku nikipoza.

Usiku ndipo nilipoufungua ili niutupe. Nikakaa chini nikazihesabu, maana kuna hasira ambazo zinataka hesabu. Zilikuwa 187. Nikaandika 187 kwenye karatasi nikaibandika mlangoni pa friji, kama adhabu. Halafu nikatia hamira. Nilijiambia kwamba hamira itazila hizo karafuu. Hamira inakula sukari. Karafuu haiwahusu.

Hamira yenyewe ilikuwa kituko cha pili. Nilichagua moja ya jamii ya diastaticus, kwa sababu inachachua haraka na haisumbui. Wengi wanaipenda kwa hilo. Tatizo ni kwamba jamii hii inatoa kimeng'enya kinachokata hata zile sukari ndefu. Yaani nimehifadhi nyama kwa makini, halafu mlinzi nikamwajiri fisi. Nilianzia nyuzi 20, nikaiacha ipande hadi 27. Kipimo cha uzito wa bia ukilinganisha na maji, ambacho hushuka kadiri sukari inavyoliwa, kilianzia 1.030, siku ya 8 kikawa 1.006, siku ya 10 kikawa 1.006 hiyo hiyo. Nikasema imeisha, asilimia 3.1, tuweke kwenye chupa. Mwenye uzoefu na hamira hii hapimi kwa kupishanisha siku mbili tu. Anaacha wiki nzima katikati ya vipimo, kwa sababu mwisho wake inakula polepole kama mzee asiye na meno. Haikuwa imeisha. Ilikuwa imepumzika.

Nilitia sukari gramu 7 kwa kila lita ili ipate gesi. Hesabu yake ni nyepesi: gramu 4 za sukari kwa lita zinatoa kama lita moja ya gesi kwa kila lita ya bia. Kwa hiyo 7 zinatoa 1.75, jumlisha 0.8 iliyokuwamo tayari, tunapata kama 2.6, kiasi cha heshima. Ila humo ndani fisi naye alishuka kutoka 1.006 hadi 1.002. Zile pointi 4 peke yake zinaongeza gesi kama lita 2. Jumla 4.6. Kilichotuokoa ni chupa: zilikuwa nene za sentilita 75, za umbo la shampeni. Kwenye chupa za kawaida za 33 ningekuwa nawasimulia habari za vioo.

Juni ikafika, nikaita watu watano waje waonje na kuandika maoni. Jirani wa ghorofa ya chini, fundi bomba mstaafu, na mkewe. Dada mmoja wa Lubumbashi. Kijana wa Machame anayesoma Mons. Na bwana mmoja anayeuza vifaa vya kupikia bia, ambaye kuonja kwake ni kama ibada: anazungusha glasi, anafumba macho, anatuacha sote tukisubiri arudi.

Chupa ya kwanza niliifungulia mezani. Kizibo kilikwenda kwenye dari, bia nayo ikakifuata kuona kimepatwa na nini. Katika sentilita 75 tulibaki na kama glasi moja, nyingine iliunyeshea mkate. Bia yenye gesi nyingi hivyo unailaza kwenye friji karibu na nyuzi 0 kwa siku mbili, kwa sababu baridi huishika gesi ndani. Kisha unainyanyua kizibo kidogo tu, inafuka, unasubiri, unanyanyua tena. Mimi nilikuwa nimeitoa kwenye nyuzi 14 ili harufu ifunguke. Ilifunguka. Chupa zilizofuata tulizifungua ndani ya sufuria ya ugali, kijana akiwa ameshika mfuniko kama ngao.

Kanuni ya kuonjesha inasema uanze na bia yenye kilevi kidogo, upande. Yangu ilikuwa ndogo kwa kilevi, kwa hiyo ikatangulia. Kanuni ina dada yake ambaye nilimsahau: anza na isiyo na viungo.

Dada wa Lubumbashi alimeza, akaniangalia kwa huruma. "Yaya, hii kintu unatupa ni pombe ao ni dawa ya meno?"

Hakukosea hata kidogo. Kinachonukia ndani ya karafuu ni eujenoli, na madaktari wa meno huitumia hadi leo kutulizia maumivu.

"Mangi," kijana akasema, "hii ni pilau bila wali."

Mke wa fundi bomba aliandika kwamba inamkumbusha paja la nguruwe la Krismasi. Mumewe aliandika alama 3 kati ya 10, akauliza kama kuna jibini.

Muuza vifaa alirudi kutoka safarini, akafumbua macho. "Hamira yako imetoa karafuu nyingi mno. Ulichachulia kwenye nyuzi ngapi?"

"Ishirini na saba."

"Nilijua!" Akatufundisha. Kwenye ganda la shayiri na la ngano kuna asidi ya feruliki. Hamira ya saison huigeuza kuwa kitu kinachonukia karafuu. Aina ya hamira na joto la kuchachulia ndivyo vinavyoamua kiasi. Yote ni kweli tupu, na hakuna hata moja lililohusika. Nilitikisa kichwa kwa unyenyekevu. Mara mbili nilisema "ahaa".

Tukasuuza midomo kwa maji, tukatafuna mkate mkavu, nikamimina Saison Dupont. Kimya. Kijana akanusa, akanywa, akanywa tena.

"Maji," akasema.

Fundi bomba ameinywa bia hiyo tangu ujana wake. Aliishika chupa akaisoma karatasi yake mbele na nyuma, akachunguza shingo, akaniuliza kwa upole kama chupa hii nimeijaza mimi.

Ndipo nilipoelewa. Nilijing'ata ulimi kidogo, sikusikia kitu. Eujenoli hutia ganzi. Nilikuwa nimewachoma watu watano sindano ya meno, kisha nimewapa karatasi waandike ladha. Na mtu aliyekufa ganzi ulimi hajui. Anafikiri bia ndiyo imekufa.

Nikanyamaza. Nikarudisha ile yangu, mzunguko wa tatu, bila kusema ni ipi. Maoni yakapanda kama bei ya sukari mwezi wa Ramadhani. Mke wa fundi: "Hii ina ustaarabu." Mumewe: 7. Dada wa Lubumbashi: "Hii sasa ni pombe." Muuza vifaa alikaa huko alikokwenda muda mrefu zaidi, akaandika kwamba viungo vimetulia, chungwa linaonekana nyuma, na mwisho wake ni mkavu. Mkavu ilikuwa kweli. Kwa 1.002 hata mkate ungekauka.

Ningeondoka na ushindi huo, ila kijana alikwenda jikoni kuchukua barafu.

"Mangi, hii 187 kwenye friji ni namba gani?"

Ningeweza kusema ni bili ya umeme. Badala yake nikawaeleza: karafuu, mizani, pilau. Muuza vifaa alisikiliza hadi mwisho, akaivuta karatasi yake taratibu, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni mwa shati. Akaniuliza tu mizani ni ya aina gani. Anaziuza.

Zilibaki chupa 19. Kuzimwaga sikutaka, maana eujenoli hupungua kwa miezi, na pia kwa sababu ya uchoyo. Lakini Jumanne fundi bomba akabisha hodi akiomba mbili. Nikadhani jino. Hapana, alitaka kupikia carbonnade, ule mchuzi wao wa ng'ombe na bia: kilo moja na nusu ya nyama ya bega, vitunguu vinne vikubwa vilivyokaangwa hadi vikawa kahawia, chupa moja ya bia, na vipande vya mkate vilivyopakwa haradali vinavyolazwa juu ili viyeyuke na kuufanya mchuzi uwe mzito, moto mdogo saa tatu. Bia yenye hopsi nyingi huutia mchuzi uchungu ikikolea, lakini yangu ilikuwa na hopsi kidogo. Chupa ya pili ilikuwa ya akiba, endapo ya kwanza ingekimbilia darini.

Jioni aliniletea sahani, akasimama mlangoni kusubiri nionje. Nyama ilikuwa laini, mchuzi mweusi, mzito, mtamu kabisa. Ile harufu yote ilikuwa imeondoka na mvuke.

"Nzuri sana," nikamwambia.

"Nzuri," akasema, "ila imepungukiwa karafuu."