Nataraja Amerudi India, Bado Hajafika Kwake

Septemba 2014, waziri mkuu wa Australia, Tony Abbott, alimkabidhi mwenzake wa India, Narendra Modi, sanamu ya shaba ya Shiva, mungu wa Wahindu, akicheza, yaani Nataraja, iliyoibwa katika hekalu la kijiji cha Sripuranthan, jimbo la Tamil Nadu. Jumba la taifa la sanaa la Canberra lilikuwa limeinunua mwaka 2008 kwa takriban dola milioni 5 za Marekani. Ikatangazwa kwamba mungu amerudi nyumbani. Kijijini hakufika. Alipelekwa mahakamani Kumbakonam kama kielelezo cha kesi, kisha akafungiwa katika chumba cha hifadhi kwenye hekalu la Nageswaran, mjini humo humo.

Kumbakonam, mji uliokaa kati ya mto Kaveri na mto Arasalar, ni mahali pa ajabu kwa mambo haya. Kilomita chache kutoka hapo, Swamimalai, mafundi wanachonga umbo la mungu kwa nta, wanalipaka udongo laini wa Kaveri, wanayeyusha nta itoke na kumimina shaba, kazi iliyoshika mizizi enzi za wafalme wa Chola. Mjini kwenyewe ndiko zinakosikilizwa kesi za wizi wa sanamu. Novemba 2022 Subhash Kapoor, mfanyabiashara wa sanaa aliyeiuza sanamu ile Canberra, aliyekamatwa Ujerumani mwaka 2011, alihukumiwa huko miaka 10. Miungu inazaliwa kando ya mto huu, na kando ya mto huu huu inawekwa chini ya kufuli. Ubishi uliopo ni kama kufuli hilo ni sahihi.

Wanaolitetea wana hoja nzito. Idara ya serikali inayosimamia mahekalu ya Tamil Nadu ina zaidi ya 36,000 mikononi mwake. Mengi ni ya vijijini, na huenda kuhani mmoja mwenye posho ndogo akazunguka mahekalu mawili matatu kwa siku. Mlango wenyewe ni wa mbao. Ukimweka humo mungu ambaye sokoni anauzwa kwa mamilioni ya dola, umemwalika mwizi. Polisi wa jimbo hilo wana kikosi maalumu cha wizi wa sanamu tangu mwaka 1983, na afisa aliyetumia miaka akimfuatilia Nataraja mmoja kutoka bara hadi bara ana haki ya kuogopa kumwona akipotea tena. Sidhani kuna mtu mwenye akili timamu atakayemlaumu.

Lakini tuitazame Sripuranthan kwa karibu, maana ndiyo mfano unaotajwa kila mara. Wizi ulifanyika mwaka 2006 au karibu na hapo. Uligunduliwa mwaka 2008. Muda wote huo mungu hayupo, na hakuna aliyejua! Watetezi wa kufuli wanasema: mnaona, wanakijiji hawawezi kulinda. Mimi naona jingine. Hekalu lile lilikuwa limefungwa siku nyingi, bila ibada. Penye ibada, mungu huamshwa asubuhi, huogeshwa kwa maziwa na maji, hupakwa liwa, huvishwa nguo na mashada ya asumini, hupewa chakula, huwashiwa karafumaiti jioni, kisha hulazwa. Mungu wa namna hiyo akiibwa usiku, alfajiri kijiji kizima kinajua. Sripuranthan haikukosa kufuli. Ilikosa mtu wa kuingia ndani kila siku. Na chumba cha hifadhi kinafanya kosa lile lile: kinamtenga mungu na watu waliokuwa macho yake.

Hapa ndipo wengi walio mbali hawaelewi, wakidhani wanakijiji wanadai mali ya sanaa. Kwa mwabudu, sanamu iliyokwisha kufanyiwa ibada ya kutiwa uhai si kumbukumbu ya mungu. Ni mungu aliyekaa. Angalia hata ilivyoundwa. Sanamu ya jiwe ndiyo inayokaa ndani kabisa, haitoki. Ya shaba ina matundu na vishikio kwenye kitako, vya kupitishia miti ya kubebea, kwa sababu kazi yake ni kutoka nje, kupita barabarani, kuwafikia wagonjwa, wazee, na wale wa matabaka ya chini ambao kwa karne nyingi walizuiwa kuvuka kizingiti. Kwao, siku ya mungu kutoka ndiyo siku waliyomwona. Ukimfungia kabatini yule aliyeumbwa atembee, umehifadhi shaba tu.

Sheria yenyewe imewahi kuukubali ukweli huo. Nataraja wa Pathur, kijiji kingine cha Tamil Nadu, alifukuliwa na kibarua mwaka 1976, akauzwa, akaishia London mikononi mwa kampuni ya Kanada. Mahakama ya rufaa ya Uingereza ilikubali mwaka 1991 kwamba hekalu lenyewe, gofu lile la Pathur, lina haki ya kusimama kama mdai. Hekalu likashinda. Sanamu ikarudi India na kuwekwa katika kituo cha hifadhi cha Tiruvarur. Mdai alishinda kesi, asikabidhiwe kilicho chake.

Ulinzi mwingine upo. Kilichomfichua Nataraja wa Sripuranthan ni picha aliyopigwa hekaluni kabla ya wizi, iliyokuwa katika hazina ya Taasisi ya Kifaransa ya Pondicherry. Kila sanamu ipigwe picha, picha ziwe wazi kwa umma, mlango wa chuma uwekwe, na kuhani alipwe mshahara wa kumwezesha kufika kila siku. Gharama ipo, ila hata vyumba vya hifadhi vina gharama, pamoja na unyevu unaoila shaba taratibu.

Baadhi ya sanamu hutolewa siku za sikukuu, zikapelekwa kwao chini ya ulinzi, zikarudishwa. Ni afadhali kuliko bure. Mwaka 2028 Kumbakonam itakuwa na Mahamaham, sikukuu ya kila miaka 12, ambapo miungu ya mahekalu 12 ya Shiva hubebwa hadi kwenye bwawa takatifu kuoga pamoja na umati. Hekalu la Nageswaran ni moja ya hayo. Mungu wake atatoka kwa ngoma na tarumbeta, akipita mbele ya mlango ambao wageni wake wa shaba wamefungiwa nyuma yake.