Shemeji Amekula Risasi Zangu

Kunguru wa Tanga hawaogopi mtu. Hawa wenye shingo ya kijivu waliletwa Unguja kutoka Bara Hindi miaka ya 1890 ili wasafishe taka. Inaonekana taka zilikwisha, wakavuka bahari, na sasa wanasafisha ua wa Bibi yangu pale Ngamiani. Wanachukua vifaranga. Wanachukua dagaa walioanikwa. Wanachukua hata sabuni, na hapo ndipo wanaponishinda, maana sijaona kunguru aliyetakata. Ule usemi wa mji wetu, "waja leo waondoka leo", wenzetu huwasemea wageni. Kwetu unawahusu vifaranga.

"Mume wangu," Bibi aliniambia asubuhi moja (ndivyo anavyoniita akiwa na shida, asipokuwa nayo mimi ni "we kijana"), "mwanamume gani wewe, kunguru ananipora sabuni nawe umeinamia simu?"

Nikachonga manati. Panda ya mpera, mpira wa tyubu ya baiskeli, ngozi nikaikata kwenye ulimi wa kiatu cha marehemu Babu. Kwa kokoto za barabarani nilipiga kila kitu isipokuwa kunguru: ndoo, mnazi, bati la jirani, na bati la jirani tena.

Ila Bibi hakujua nilichokuwa nakitazama kwenye simu. Nilikuwa nawatazama wazee wa Marekani wanaojijazia risasi wenyewe majumbani. Hapa kwetu usithubutu. Kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na leseni pekee iliyowahi kuingia nyumbani kwetu ni ya baiskeli ya Babu. Lakini kutazama si kosa.

Wazee hao wana bunduki za kupigia vinyama waharibifu, vya ukubwa wa sungura, vinavyochimba mashimo malishoni. Wanavipiga kutoka mita 200 na zaidi, kwa risasi ambayo kichwa chake hakifiki upana wa milimita 6. Kwa shabaha ya namna hiyo, risasi ya dukani haiwatoshi. Mzee anaokota maganda yake yaliyokwisha kupigwa, anayasafisha, anayashindilia ndani ya chuma maalumu yarudi umbo lake, anayakata shingo yalingane urefu. Lenye ufa analitupa bila huruma. Kisha anatia fataki mpya ya kuwashia baruti, anapima baruti, anakalisha kichwa. Kipimo chake ni greini. Ratili moja ina greini 7,000, na mizani ya mzee inaona mpaka sehemu ya kumi ya greini moja! Mezani linakaa kopo moja tu la baruti, kwa sababu baruti mbili zinaweza kufanana kwa macho huku moja ikiwaka kwa kasi zaidi, na ukizikosea bunduki inakupasukia usoni. Wala haanzi na kipimo cha juu cha kitabu. Anaanza chini, anapanda kidogo kidogo, kila mara akikagua kitako cha ganda asije akaona dalili za mgandamizo kuzidi. Na yote anayaandika daftarini.

Niliwatazama mpaka bando likakata. Lilipokata nilikuwa nimekwisha kujua ugonjwa wa kokoto: hazipatikani mbili zenye uzito mmoja.

Udongo wa kichuguu niliufuata kwa baiskeli njia ya Pongwe. Nikautwanga, nikauchekecha kwa chekeche la unga la Bibi (hajui, na asijue). Sonara mmoja karibu na soko la Mgandini, tuliyesoma naye madrasa, aliniazima mizani ya kupimia dhahabu baada ya kunihoji kwa kirefu dhahabu nimeitoa wapi. Wale wazee wanapenda sana kichwa cha greini 55, ambacho ni kama gramu 3.6, basi na mimi nikashika hiyohiyo. Kidonge kibichi nilikipima gramu 4.5, kikikauka kinashuka penyewe. Kukausha ni kivulini, maana juani ganda la nje linasinyaa kabla ya ndani na kidonge kinapasuka. Mwisho nikavipanga kwenye ungo juu ya jiko, vikapata moshi wa vifuu vya nazi usiku kucha. Vilivyopasuka nikavitenga.

Vizima nikavitia kwenye makopo ya maziwa. A ni vile vya mwanzo vilivyobaki na mchanga. C havijajaribiwa. B ndivyo vyenyewe, na juu ya kifuniko nikaandika kwa kalamu nzito: SAFI. KAVU. USICHANGANYE.

Majaribio niliyafanya kiwazee. Kwanza nikavuta mpira hadi kidevuni, halafu shavuni, halafu sikioni, nikiukagua kila mara kama umeanza kuchanika. Kwa hatua kumi na tano, vidonge vya B vilikuwa vinatua mahali pamoja, nafasi ya mdomo wa kikombe. Nilikaa chini nikacheka peke yangu. Kunguru mmoja ukutani alikuwa ananitazama, nikamwambia ajiandae.

Jumamosi nikaamka na alfajiri, nikafungua kopo la B. Tupu.

Shemeji, mke wa kaka, alikuwa kwetu tangu mimba ilipofika mwezi wa sita, ili Bibi amwangalie. Nilimkuta barazani amenyoosha miguu, shavu moja limevimba, anatafuna taratibu.

"Shemeji," akasema, "huu udongo umenunua wapi? Wa sokoni una mchanga, huu unayeyuka. Na ule moshi wake, we! Nilianza na lile kopo la A, nikaona hapana."

"Shemeji, hizo ni risasi."

Bibi alikuwa anatia maji kwenye birika. Birika likaanguka.

"Risasi? Umemlisha mwenye mimba risasi?"

Nikaeleza. Nikaeleza habari za greini, za Marekani, za shabaha. Kadiri nilivyoeleza ndivyo Bibi alivyozidi kutafuta khanga yake ya kutokea, na kabla sijafika kwenye baruti tulikuwa watatu ndani ya bajaji, njia ya kliniki.

Nesi alikuwa mama mtu mzima, mpole, kachoka. Akamuuliza Shemeji anakula udongo kiasi gani kwa siku.

"Kidogo tu," Shemeji akasema.

Nikafungua daftari. "Wiki hii ni vidonge kumi kwa siku, sista. Kila kimoja gramu 3.6. Tofauti ya kimoja na kingine haifiki sehemu ya kumi ya gramu. Jumla gramu 36."

Nesi akaweka kalamu chini. Akasema kila mja mzito anayemuuliza swali hilo humjibu "kidogo tu", na hii ndiyo mara ya kwanza anapata jibu lenye nukta. Akampima damu, ikawa chini. Akatueleza kwamba hamu ya udongo mara nyingi inafuatana na upungufu wa madini ya chuma, na udongo wenyewe nao unazuia chuma kuingia mwilini. Tena unaweza kuwa na mayai ya minyoo, na mwingine una madini ya risasi.

"Si nimesema!" Bibi akaruka. "Na aliyeitia ni huyu hapa!"

Shemeji akapewa vidonge vya chuma na foliki asidi, na dawa ya minyoo, na onyo. Akauliza kama anaweza kumalizia vile alivyofunga kwenye pindo la khanga. Nesi akanyoosha mkono, akavipokea, akakiviringisha kimoja kwenye kiganja, akakitazama kwa muda.

"Vimelingana kweli," akasema.

Halafu akalichukua daftari langu, akalibana ndani ya faili la Shemeji, akalifunga. Nilimwambia mle ndani mna kipimo cha maji kwa udongo, ambacho kichwani sinacho. Akasema hiyo sasa ni kumbukumbu ya mgonjwa.

Kila Shemeji akienda kliniki namkumbusha aniombee daftari. Jibu analorudi nalo ni lilelile: aje mwenyewe, na aje na lile kopo la C.