Sindano mpya kwa wanaojidunga Pwani: hoja za pande mbili

Kenya ilipotangaza mwaka 2012 kwamba wanaojidunga heroini watagawiwa sindano mpya bure, viongozi wa dini wa Pwani walikuja juu. Nawaelewa. Mama ambaye mwanawe ameuza hadi sufuria za jikoni apate pesa ya unga, yaani heroini, ukimwambia serikali inamletea kijana huyo sindano, ataona anasaidiwa kuangamia.

Lakini tuangalie maradhi yanavyosambaa. Tafiti za miaka ile zilikadiria kuwa karibu 18% ya wanaojidunga nchini wana VVU, wakati kwa watu wazima kwa jumla kiwango kilikuwa 5.6%. Damu inayosalia ndani ya bomba la sindano huingia moja kwa moja kwenye mshipa wa anayefuata. Dar es Salaam, mwaka 2005, watafiti walieleza jambo zito zaidi: mtu akishajidunga huvuta damu yake ndani ya bomba na kumpa mwenzake asiye na pesa, kwa imani kwamba damu hiyo itamtuliza arosto, yaani maumivu ya kukosa heroini. Waliofanya hivyo walikuwa hasa wanawake wanaouza miili. Mtu aliyefikishwa hapo na arosto hawezi kungoja mpaka mawaidha yamwingie.

Wapinzani husema sindano za bure huongeza watumiaji. Tafiti za miaka mingi katika nchi mbalimbali hazijaonyesha hivyo, na hata Iran, nchi inayoongozwa na wanazuoni, inazigawa. Hoja yao ya pili naikubali bila kusita: sindano zilizotumika hutupwa vichochoroni, watoto wanapopita pekupeku. Mradi unaogawa bila kukusanya unawakosea majirani.

Kinachosahaulika na pande zote mbili ni yule anayezipeleka. Waelimisha rika, wengi wao waliowahi kutumia, huingia maskani ambako daktari haendi. Sindano ndiyo inayowafungulia mazungumzo, kisha kuna kupima, kusafisha vidonda, kumsindikiza mgonjwa akaanze dawa za kupunguza makali ya virusi au methadoni, dawa ya kunywa inayoshika nafasi ya heroini, iliyoanza kutolewa hospitali ya Mathari, Nairobi, Desemba 2014 na Malindi mwaka uliofuata. Ukihesabu sindano tu, hutaiona kazi hii.

Nayo inavunjwa na mambo mawili. Methadoni hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, na asiye na kibarua atatoa wapi nauli ya kila siku? Pia polisi humkamata mtu kwa kukutwa na sindano ileile aliyopewa na mradi unaotambuliwa na Wizara ya Afya, kwa hiyo wengi huogopa kuibeba na hurudi kuazimana. Kabla ya kubishana tena kuhusu maadili, kaunti za Pwani ziweke nauli hiyo kwenye bajeti zao za afya, na makamanda wa polisi wawaagize maafisa wao, kwa maandishi, kwamba sindano ya mradi si ushahidi.