Fumanizi Haliishii Mlangoni

Saluni moja ya Mwanjelwa, mwezi wa saba, baridi ya Mbeya inapenya mpaka ndani ya kitenge. Msusi mikono yake imezama kwenye nywele za mteja, kwa hiyo simu kashika binti anayejifunza kazi, anawasomea wote simulizi ya WhatsApp. Sehemu ya 14: mume yuko gesti, mke yuko kwenye bodaboda anakuja. Mlango unapigwa teke. "Itaendelea." Saluni nzima ikaguna. Msusi akaagiza sehemu zilizobaki zilipiwe palepale. Mama mmoja aliyekuwa chini ya draya, kimya muda wote, akauliza, "Na watoto saa hizo wako wapi?"

Hakujibiwa. Simulizi nayo haikuwa na jibu, kwa sababu hadithi nyingi za usaliti wa ndoa zinazosomwa sana siku hizi zimejengwa kuelekea mlangoni. Sehemu za mwanzo ni za bure, zinazofuata unalipia, na hakuna kinachofungua pochi kama fumanizi. Simlaumu mwandishi, naye ana kodi ya nyumba. Ila anatuacha na watu watatu chumbani, wakati ndoa inapovunjika huwaangukia wengi zaidi.

Wasomaji nao wamegawanyika. Wapo wanaotaka msaliti aumie, aumie hadharani, na wanaona mwandishi akimpa mchepuko nafasi ya kujieleza basi kamhalalisha. Hoja hii haifai kubezwa huku kwetu. Barabara kuu ya kwenda Zambia inapita Iringa, Makambako na Mbeya hadi Tunduma, malori yanalala foleni mpakani, na ndoa nyingi za njiani humo zinaishi kwa simu. Ile kaulimbiu ya "Baki njia kuu, michepuko si dili" huku haikuhitaji ufafanuzi; njia kuu tunaiona dirishani. Mwanamke anayelala peke yake wiki tatu za mwezi hana hamu ya kusoma jinsi hawara anavyopenda kwa dhati.

Wengine wanasema kila aliyemo ni mtu, na hadithi isiyomsikiliza inageuka baraza la kijiji. Mimi niko upande huu, na wa kunisaidia ni sheria. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 72, inamruhusu mume au mke kumdai fidia aliyezini na mwenzi wake. Lakini mdaiwa akithibitisha kwamba hakujua, na hata angechunguza kwa uangalifu asingeweza kujua, kwamba mtu yule ana ndoa, halipi. Yaani sheria ya zaidi ya miaka 50 inajua kumuuliza "ulijua?", swali ambalo simulizi ya mwaka huu haimuulizi binti wa Uyole aliyeambiwa "mke wangu tuliachana zamani". Anavuliwa wigi mbele ya watu, sura inafungwa.

Hata hivyo kumpa mchepuko sauti hakutoshi. Riwaya zetu zilikwisha kufika mbali kuliko hapo. Katika *Utengano* ya Said Ahmed Mohamed, iliyotoka 1980, anayemkuta Maksuudi kwa hawara yake Kazija si mkewe. Ni Mussa, mwanawe wa kumzaa, ambaye naye alikuwa na uhusiano na Kazija huyohuyo. Ukisoma pale unasahau kabisa habari ya nani kamsaliti nani kitandani. Unabaki na kijana ambaye kuanzia dakika ile hajui amwite nini yule mwanaume. Ni hadithi ya Pwani, lakini nimeziona nyuso zake Mafinga na Tukuyu.

Halafu kuna jambo ambalo mwandishi wa Nyanda za Juu Kusini hana ruhusa ya kulikwepa. Utafiti wa kitaifa wa 2022–23 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima Njombe ni asilimia 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6, wakati taifa zima ni 4.4. Takwimu hizi hazimhukumu mtu. Virusi haviji kwa mchepuko peke yake. Zamani hadithi zilitumia ugonjwa huu kama fimbo: aliyezini alikonda, akafa, tukafunga kitabu. Sasa dawa zipo na watu wanaishi. Kwangu hapo ndipo hadithi ngumu inapoanza: vichupa viwili vya dawa kwenye kabati moja, mume na mke wanakumbushana saa mbili usiku, na mmoja wao anajua nani alileta. Wataishi hivyo miaka 30. Sijui simulizi ya kulipia itawauzia vipi watu kimya cha namna hiyo, lakini ningeinunua.

Yule mama wa draya alimaliza, akalipa, akajifunga kilemba mbele ya kioo. Nilimwambia swali lake lilikuwa zuri, mama. Akacheka kidogo.

"Mimi nilikuwa darasa la tano," alisema. "Walinipeleka kwa bibi Tukuyu usiku uleule, na begi langu la shule. Nikadhani ni likizo."