Mpira Wangu Tumboni mwa Korongo

Nilikuwa na umri wa miaka 43, mhasibu wa duka la vifaa vya ujenzi jijini Mwanza, nilipoamua kuwa mchezaji gofu wa kulipwa, na aliyenitia katika balaa hilo ni Vijay Singh. Usiku mmoja nilisoma kwamba alizaliwa Fiji mwaka 1963, baba yake akiwa fundi wa ndege. Kwamba utotoni, kwa kukosa fedha za mipira, inasemekana alipiga nazi. Kwamba kabla ya kupata jina alifundisha gofu huko Borneo huku akijinoa juani. Na kwamba mwaka 2004, akiwa na miaka 41, alimwondoa Tiger Woods kileleni mwa orodha ya wachezaji bora duniani. Nilijitazama kwenye kioo nikaona nimechelewa miaka miwili tu, na mtu aliyezoea kusubiri kivuko hababaishwi na miaka miwili.

Nazi huku kwetu hutoka pwani na zina bei yake, kwa hiyo nilianza na malimau uani, hadi mke wangu alipoanza kuyahesabu. Kanuni humruhusu mchezaji kubeba fimbo 14; mimi nilikuwa na moja ya chuma, namba 7, niliyoipata kwenye mitumba kwa muuzaji aliyenihakikishia kuwa inafaa sana kufukuzia mbwa. Mpira nao ulikuwa mmoja.

Jumamosi moja nilipanda daladala hadi Igombe, nikatafuta mahali penye mchanga mtupu kando ya ziwa. Upande wa kushoto akina mama walikuwa wameanika dagaa juu ya nyavu kuukuu, na korongo kama sita wenye vipara walisimama pembeni kama wazee wa baraza wanaosubiri posho.

“Baba, umepoteza nini na huo mkongojo wako?” aliuliza mama mmoja aliyekuwa akigeuza dagaa kwa fagio.

Nilimwamkia kwa heshima, nikamweleza kwamba nafanya mazoezi. Pigo la kwanza lilikata hewa. La pili lilichimba shimo ambalo mtu angeweza kupanda muhogo. La tatu liliugusa mpira kwa pembeni, nao badala ya kuelekea ziwani ukakata kushoto, ukadunda mara moja na kutua katikati ya dagaa, mweupe na wa duara, mfano wa yai. Korongo aliyekuwa karibu aliutazama kwa jicho moja, akautazama kwa jicho la pili, kisha akaudaka na kuinua mdomo juu, nami nikaushuhudia ukishuka taratibu ndani ya ile shingo yake.

Kanuni za gofu zinasema kwamba ndege akiuondoa mpira uliotulia, mchezaji haadhibiwi, na usipopatikana ataweka mwingine pale pale. Bila shaka waliotunga kanuni hiyo walikuwa na mpira mwingine. Mimi nilimkimbiza korongo fimbo mkononi, na ni pale tu aliporuka ndipo nilipotazama chini na kugundua kwamba nimesimama na viatu vyangu vya kazini juu ya dagaa wa watu, na nyuma yangu kuna njia nzima ya dagaa waliosagika.

“Kaka yangu,” alisema yule mama kwa upole ulionitisha kuliko matusi, “hizo ni sado mbili.”

Mfukoni nilikuwa na fedha ya sado moja na nauli. Tulikubaliana fimbo ibaki rehani, nikarudi nyumbani na dagaa wenye mchanga, ambao mke wangu aliwaosha maji matatu bila kuniuliza neno.

Mwisho wa mwezi nilikwenda kuikomboa. Nilimkuta mama yule amesimama kando ya nyavu zake, korongo wamemzunguka kwa mbali. Mmoja aliposogea, mama alipanua miguu kidogo, akatuliza kichwa, akazungusha kiuno, na kichwa cha sangara kilichokuwa mchangani kikaruka juu kwa upinde mzuri ajabu hadi kikampata yule korongo kifuani.

“Umefuata mkongojo wako?” aliniuliza.

Nilimlipa deni langu, nikamwambia akae nao.