Kusini tunafundisha fasili, mvua inapita bila kupimwa

Kila Januari huku Uingereza watu hukaa dirishani saa nzima wakihesabu ndege wanaotua bustanini. Ilipoanza mwaka 1979 ilikuwa shughuli ya watoto tu. Leo rekodi za hesabu hiyo ndizo zinazoonyesha kuwa shomoro wa majumbani wamepungua kwa zaidi ya nusu.

Kwetu Mtwara na Lindi mtoto anaijua fasili ya mabadiliko ya tabianchi kwa moyo. Akirudi nyumbani anakuta mvua isiyo ya msimu imeosha salfa, dawa ya ukungu, kwenye maua ya mikorosho, na hana namba hata moja ya kuilinganisha na mwaka jana. Hili linaniuma, maana msimu wetu wa mvua ni mmoja, Novemba au Desemba hadi Aprili. Kuuandika ni kazi nyepesi kuliko huku kunakonyesha mwaka mzima.

Walimu, kipimamvua mnaweza kukitengeneza wenyewe. Tafuteni chupa ya maji ya lita moja na nusu yenye ubavu ulionyooka. Ya mikunjo inadanganya. Kateni shingo pale upana unapokamilika, mwigeuze iwe faneli. Wekeni kokoto, mimineni maji yafunike kokoto na kitako, choreni sifuri hapo, mbandike rula ya milimita. Ifukieni kidogo isiangushwe na mbuzi. Kama kuna mwembe, umbali uwe mara mbili ya urefu wake.

Isomwe kila siku saa 3 asubuhi, kisha maji yarudishwe kwenye sifuri. Siku za jua maji ya kitako hukauka. Yasipojazwa, mvua inayofuata itasomeka pungufu. Lakini kinachoharibu rekodi zaidi ni Jumamosi na Jumapili. Shule imefungwa, Jumatatu mtoto anajaza sifuri mbili. Siku isiyopimwa ipigwe mstari, kwa sababu sifuri maana yake tulipima, haikunyesha. Bora zamu ipewe watoto wanaokaa jirani na shule.

Hesabu inayofuata ndiyo tamu. Milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Bati la mita 6 kwa 5 likipata milimita 20, ni lita 600, yaani ndoo 30 za lita 20. Mtoto wa Newala au Tandahimba, anayejua ndoo moja inavyotafutwa, haelezwi mara mbili.

Mvua moja ya ajabu haithibitishi kitu, hata Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 peke yake. Inahitajika miaka mingi kwenye kaunta buku moja, inayokabidhiwa darasa kwa darasa.

Sisi tulio nje huchangia zaidi fulana na mabango ya siku ya kupanda mikoko. Mikoko hiyo mara nyingi huchomekwa chini mno, pwani inapofunikwa na maji karibu kutwa, ikafa. Mchango ujao nunueni kamba na vigingi: watoto wapime kipande cha mita 10 kwa 10 pale Mikindani, warudi kila bamvua, siku maji yanapojaa na kupwa sana, kuhesabu iliyo hai.